Fundi Aulizwa: Seva Ionyeshe Nini, Ifiche Nini?

Maswali ya toleo hili yote yanahusu seva ya faili: namna ya kupanga folda za pamoja ili kompyuta za watumiaji zizione inavyotakiwa, kwa NFS upande wa Linux na kwa SMB (Samba) upande wa Windows. NFS na SMB ni itifaki za kutoa folda za seva mtandaoni, na Samba ni programu inayoiwezesha Linux kutumia SMB. Kupachika (mount) ni kuunganisha diski au folda mahali fulani kwenye mti wa saraka. Seva tunayoizungumzia ni ya Linux. Barua tumezifupisha.

SWALI: Seva yangu ina diski tatu, /data/diski1 hadi /data/diski3, na nimezitoa zote mtandaoni kama zilivyo. Watu wa hesabu wako diski2, ambayo imejaa. Nataka kuwahamishia diski mpya, lakini njia ya "diski2" imeshaingia kwenye skripti, njia za mkato, hata ndani ya majedwali yanayovuta data kutoka faili nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, njia anayoiona mtumiaji ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kubadilisha kwenye seva. Diski hubadilishwa kwa saa chache, mashine nzima kwa mwisho wa wiki mmoja. Njia iliyokwisha andikwa ndani ya majedwali ya watu hakuna anayejua imejificha wapi. Kwa hiyo jina la diski lisionekane kabisa nje ya seva. Unahitaji tabaka mbili: /data kwa ajili yako wewe fundi, na /pamoja kwa ajili ya watumiaji, yenye majina ya kazi tu (hesabu, michoro, kumbukumbu). Unaziunganisha kwa bind, yaani kuonyesha saraka ile ile mahali pa pili, ndani ya /etc/fstab (orodha ya vinavyopachikwa mashine ikiwaka), chini ya mstari wa diski yenyewe:

`/data/diski4/hesabu  /pamoja/hesabu  none  bind  0 0`

Kisha kwenye /etc/exports (orodha ya vinavyotolewa kwa NFS):

`/pamoja/hesabu  192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check,mp)`

na kwenye smb.conf (mipangilio ya Samba), `path = /pamoja/hesabu`. Kesho ukihama tena, unabadilisha neno moja kwenye fstab na hakuna mtumiaji anayeambiwa lolote.

Hilo `mp` la mwisho usilipuuze. Linaiambia seva isitoe saraka hiyo kama hakuna kitu kilichopachikwa hapo. Bila hilo, siku diski ikigoma kuwaka, seva itatoa saraka tupu iliyo kwenye diski ya mfumo. Watumiaji watakuta folda haina kitu, wengine wataanza kuandika upya humo, na diski ya mfumo itajaa. Ukipachika diski tena, kazi yao ya siku hiyo inafunikwa chini yake na kila mtu anadhani imefutwa. Samba haina `mp`, lakini njia ipo. Kwenye folda husika weka `root preexec = mountpoint -q /pamoja/hesabu` pamoja na `root preexec close = yes`, na muunganisho utakataliwa kama hapajapachikwa kitu. Kwa ulinzi zaidi, wakati hakuna kilichopachikwa, piga `chattr +i /pamoja/hesabu` ili hata root (msimamizi mkuu) asiweze kuandika kwenye saraka tupu.

Kuhama kwenyewe: nakili kwa `rsync -aHAX` mara ya kwanza watu wakiendelea na kazi, mara ya pili huduma zikiwa zimesimama, safari hii ukiongeza `--delete`. Jua kwamba faili zilizonakiliwa hupata namba mpya za inodi (namba ambayo mfumo wa faili huipa kila faili), na NFS hutambua faili kwa namba hizo wala si kwa jina. Wateja wa NFS waliokuwa wamepachika watapata "Stale file handle" na itabidi wapachike upya. Kama diski zako ziko chini ya LVM (tabaka la Linux linalogawa diski kuwa volumu), tumia `pvmove` badala yake. Inahamisha data vipande kwa vipande chini ya mfumo wa faili, namba hazibadiliki, na wateja hawajui kilichotokea.

Njia ya zamani usiikate siku hiyo hiyo. Kwa watu wa Samba, pachika `/pamoja/hesabu` juu ya `/data/diski2/hesabu` kwa bind, na njia zote mbili zitafika mahali pamoja. Tangaza tarehe ya mwisho. Kabla ya tarehe hiyo, endesha `smbstatus -S` kwa nyakati tofauti uone nani bado anaingia kupitia folda ya zamani. Wasiosoma matangazo utawapata humo.

SWALI: Nimetoa /pamoja kwa NFS. Mteja akiipachika anaona majina ya folda zote, lakini akiingia "michoro" anakuta tupu. Kwenye seva zimejaa.

JIBU: "michoro" ni mfumo wa faili mwingine uliopachikwa ndani ya /pamoja. NFS hutoa mfumo wa faili mmoja mmoja, na ikifika mpakani inasimama. Mteja anaonyeshwa saraka tupu iliyo chini ya sehemu ya kupachikia.

Dawa ni mbili. Unaweza kuitaja kila folda kwa mstari wake ndani ya exports. Mteja wa toleo la 4 la NFS akishapachika /pamoja atavuka mpaka mwenyewe. Wa toleo la 3 atahitaji `nohide` kwenye mstari wa folda ya ndani, au apachike kila folda peke yake. Dawa ya pili ni kuweka `crossmnt` kwenye mstari wa /pamoja, na kila kilichopachikwa chini yake kitatoka chenyewe kwa masharti yale yale.

Sisi tunapendelea ya kwanza, ingawa ina mistari mingi. Ukishaweka `crossmnt` huwezi kuzuia mfumo wa faili wowote wa ndani usitoke. Siku utakapopachika diski ya chelezo kwa muda ndani ya /pamoja, itakuwa mtandaoni papo hapo, tena kwa ruhusa ya kuandika.

Jambo jingine linalowakamata wengi: mteja akivuka mpaka huo, kwake pia ni mfumo wa faili tofauti. Programu ya chelezo inayoendeshwa upande wa mteja kwa `rsync -x` au `find -xdev` itaishia mpakani. Itamaliza bila kosa lolote, nawe utabaki na nakala ya saraka tupu.

SWALI: Kwa toleo la 3 napachika seva:/pamoja/hesabu na inakubali. Kwa toleo la 4 njia ile ile inaniambia haipo, ila seva:/hesabu inakubali. Kwa nini?

JIBU: Mtu ameweka `fsid=0` kwenye mstari wa /pamoja. Katika NFS ya 4 seva huonyesha mti mmoja wenye mzizi mmoja, na chaguo hilo linasema "mzizi ni hapa". Kwa hiyo wa toleo la 4 huanza kuhesabu njia kutoka /pamoja, huku wa toleo la 3 wakitumia njia kamili. Seva za Linux za miaka mingi sasa hujenga mzizi huo zenyewe. Ondoa `fsid=0`, piga `exportfs -ra` ili seva isome upya exports, na njia itakuwa moja kwa wote. Walioshazoea njia fupi watahitaji kurekebisha fstab zao, kwa hiyo fanya hivyo mapema kabla hawajawa wengi.

SWALI: Tunapanga seva mpya kwa idara tisa. Wengine wanasema kila idara ipewe folda yake ya pamoja mtandaoni, wengine wanasema itolewe moja kubwa yenye folda tisa ndani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Swali la msingi ni mpaka uwe wapi, idadi itajipanga yenyewe. Kata mpaka pale masharti yanapobadilika. Idara mbili zenye masharti sawa ya chelezo, kiwango sawa cha nafasi na watu wanaobadilishana faili kila siku zikae ndani ya folda moja ya mtandao, zikitenganishwa na ruhusa za saraka. Mishahara inayotaka usimbaji njiani, au video zisizohitaji chelezo ya kila usiku, zipewe folda yake.

Folda nyingi zina gharama. Ya kwanza ni kuhamisha. Ndani ya mfumo mmoja wa faili, kuhamisha folda ya GB 200 ni kubadilisha jina tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Kati ya mifumo miwili iliyopachikwa kwa NFS, `mv` inakuwa kunakili na kufuta: data inavutwa hadi kwa mteja kisha inarudishwa seva. Kwa waya wa gigabiti moja, ambao kwa kweli hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, hiyo ni nusu saa na ushee, tena kama hakuna mwingine anayetumia mtandao. Baadhi ya programu na seva mpya hujua kunakili ndani kwa ndani bila kupita kwa mteja, lakini usipange ukitegemea hilo. Gharama ya pili iko Windows: watu wakizoea kupachika kila folda kwa herufi, herufi ni 26 tu, na haipiti muda X: ya huyu si X: ya yule. Wakitumiana njia ya faili kwa barua pepe haifunguki.

Folda moja kubwa nayo ina yake. Mtumiaji akiangalia nafasi iliyobaki anaona ya mfumo mzima wa faili. Idara tisa zote zitaona "TB 4 ziko wazi", kila moja ikidhani ni zake. Ukitaka kila idara ione kikomo chake, ipe mfumo wake wa faili: volumu ya LVM, au seti ya data ya ZFS (mfumo mwingine wa faili) yenye kikomo cha nafasi.

Kuna na sababu ya usalama ya kutenganisha, ambayo wengi hawaijui. Ukitoa kwa NFS saraka moja tu ndani ya mfumo wa faili, kwa mfano /data/diski1/wageni, mteja mwenye nia mbaya na mamlaka ya root kwenye mashine yake anaweza kubuni vitambulisho vya faili nyingine zilizo kwenye mfumo huo huo na kuzifikia, hata kama ziko nje ya saraka uliyoitoa. Kinachomzuia hapo ni ruhusa za faili zenyewe, na akijifanya mtumiaji mwingine zinampitisha. Bind haisaidii kwa hili, maana mfumo wa faili ni ule ule. Lipo chaguo la `subtree_check` linalokagua kila ombi, lakini linaleta matatizo faili ikihamishwa saraka huku imefunguliwa, ndiyo maana tangu zamani limezimwa kwa kawaida. Kwa hiyo kitu unachowapa watu usiowaamini kikae kwenye mfumo wake wa faili peke yake.

Kwa idara zako tisa, bila kujua zaidi, tungeanza na folda tatu za mtandao: moja ya kazi za kila siku yenye saraka za idara ndani, moja ya data nyeti, na moja ya mafaili makubwa. Kuongeza ya nne baadaye ni rahisi. Kuunganisha mbili kuwa moja, watu wakiwa wameshazoea, ni vita.

SWALI: Mstari wangu ni `/pamoja/hesabu 192.168.10.0/24 (rw)`. Watu wa hesabu hawawezi kuandika, lakini mgeni kutoka mtandao mwingine ameweza!

JIBU: Futa nafasi iliyo kabla ya mabano, upesi. Kwa ulivyoandika, mtandao wa 192.168.10.0 umepata masharti ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, na `(rw)` iliyobaki peke yake imekuwa ya dunia nzima. Baada ya `exportfs -ra`, kagua kila mara kwa `exportfs -v`: inaonyesha seva ilivyoelewa, wala si ulivyokusudia.

SWALI: Nimeweka `browseable = no` kwenye folda ya mishahara ndani ya Samba. Je, imefichika?

JIBU: Imefichika kwa asiyejua jina lake. Anayejua anaandika \\seva\mishahara na kugonga mlango, na kama ruhusa zinamkubali anaingia. Ndivyo ilivyo pia kwa jina linaloishia na alama ya $, ambalo Windows haiorodheshi. Kuficha hupunguza udadisi tu. Ulinzi unaoanza mlangoni ni `valid users = @mishahara`, na ulio imara zaidi ni ruhusa za saraka yenyewe, kwa sababu hizo zinafuata data hata ikifikiwa kwa njia nyingine.

Kwa saraka zilizo ndani ya folda moja kubwa kuna `hide unreadable = yes`: mtumiaji haoni kabisa asichoweza kusoma. Watu huipenda kwa sababu orodha inakuwa fupi na maswali ya "mbona nakataliwa?" yanapungua. Ila seva inalazimika kukagua ruhusa za kila kitu kabla ya kukiorodhesha, na kwenye saraka yenye maelfu ya faili utauhisi mzigo huo. Iweke kwenye folda ya idara, usiiweke kwenye hifadhi ya picha.

Upande wa NFS, ukitumia toleo la 3, `showmount -e` humwonyesha yeyote anayeifikia seva orodha nzima ya unachotoa na unamtolea nani. Kama wateja wako wote wanaweza toleo la 4, weka `vers3=n` chini ya `[nfsd]` ndani ya /etc/nfs.conf na ufungue bandari ya 2049 peke yake kwenye ukuta wa moto. Ukifunga bandari ya 111, ambayo `showmount` huitegemea, amri hiyo itaacha kujibu; hiyo si hitilafu.

SWALI: Mtumiaji mmoja anaingia folda zote kwa ssh kwenye seva, lakini kwa NFS folda mbili zinamkatalia. Yuko kwenye vikundi 21.

JIBU: NFS yenye uthibitisho wa kawaida (`sec=sys`) hubeba vikundi 16 tu kwa kila ombi. Vya ziada vinaachwa kimya kimya, bila onyo popote. Weka `manage-gids=y` chini ya `[mountd]` ndani ya /etc/nfs.conf na uanzishe upya huduma ya mountd. Seva itapuuza orodha ya mteja na kutafuta vikundi yenyewe, kwa hiyo lazima nayo iwajue watumiaji wote, kutoka LDAP (saraka kuu ya watumiaji) au popote mnapowaweka. Ukitumia Kerberos (uthibitisho wa tiketi badala ya `sec=sys`) kikomo hicho hakikuhusu.

SWALI: Folda moja itumike kwa NFS na kwa Samba kwa wakati mmoja. Inafaa?

JIBU: Kusoma pande zote na kuandika upande mmoja: inafaa bila wasiwasi. Kuandika pande zote: epuka kama unaweza, na kama huwezi, mambo matatu yatengenezwe kwanza.

La kwanza ni akiba (cache). Samba humruhusu mteja wa Windows ashike faili kwenye kumbukumbu yake akiamini hakuna mwingine anayeigusa. Anayeandika kwa NFS hapiti kwa Samba, hivyo Windows hajui, na mmoja atamfuta mwenzake. Kwenye folda hiyo pekee weka `oplocks = no`. Kasi itashuka, hasa kwa faili ndogondogo.

La pili ni majina. Linux inakubali "Ripoti.txt" na "ripoti.txt" kando kwa kando, Windows itaona yote mawili lakini itafungua moja. Inakubali pia nukta mbili, alama ya kuuliza na nyota ndani ya jina, vitu ambavyo Windows haivipokei, na Samba itaonyesha jina lililokatwakatwa lenye ~ ndani yake. Moduli ya Samba iitwayo `catia` inaweza kubadilisha alama hizo ziwe nyingine zinazokubalika. Amua mapema, maana kuiwasha baadaye kunabadilisha majina mbele ya macho ya watumiaji.

La tatu ni ruhusa, na hili ndilo linaloleta simu nyingi. Mtu wa Linux mwenye umask (ruhusa zinazoondolewa faili ikiundwa) ya 022 anaunda faili, mwenzake wa Windows hawezi kuihariri. Saraka ya juu iwe `chmod 2770`, ili kila kinachoundwa ndani kirithi kikundi. Upande wa Samba: `create mask = 0660`, `directory mask = 2770`. Upande wa NFS, weka ACL (orodha ya ruhusa za ziada) ya kurithi kwa `setfacl -d -m g:hesabu:rwx`, na uhakikishe wateja wanapachika kwa toleo la 4.2. Kabla ya hapo katika familia ya 4, mteja hupunguza ruhusa kwa umask yake kabla ya kutuma ombi, na ACL yako inafika imeshapunguzwa nguvu. Toleo la 4.2 hutuma umask kando na kuiachia seva iamue, mradi kerneli za pande zote mbili zinajua hivyo. Kiendelezi chenyewe kiliandikwa kwenye waraka wa viwango RFC 8275 mwaka 2017. Na hata hapo, faili iliyoletwa kwa `mv` kutoka saraka nyingine ya mfumo huo huo hubaki na kikundi na ruhusa zake za zamani. Wafundishe watu watumie `cp`.

SWALI: Windows inakataa kunifungulia folda ya pili kwenye seva ile ile kwa akaunti nyingine. Inataja kosa 1219.

JIBU: Windows hairuhusu mtumiaji mmoja aunganike na jina moja la seva kwa akaunti mbili kwa wakati mmoja. Ona kilicho wazi kwa `net use`, kisha kikate kwa `net use \\seva\folda /delete`. Wapo wanaozunguka kwa kutumia anwani ya IP kwenye muunganisho wa pili, na inakubali kwa sababu kwa Windows hilo ni jina jingine. Lakini kama mpangilio wako unamlazimisha mtu kuwa na akaunti mbili kwa folda mbili, rekebisha seva: akaunti moja, iingizwe kwenye vikundi viwili.